Maji yako yanaishia wapi? Mwongozo kamili wa matundu makubwa ya udongo kwa mkulima wa Mombasa

Ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, na shamba letu la Miritini limepasuka kama kisigino cha mvuvi. Nilikuwa namwagilia mstari wa biringanya kwa ndoo. Ya kwanza ikazama kwenye ufa kando ya shina, ya pili ikafuata, ya tatu nayo. Jirani yangu, mama aliyelima upande ule tangu sijazaliwa, alinitazama juu ya ua wa makuti akasema: "Mwanangu, maji yote hayo wampa nani?"

Nikamwambia nayapa mabiringanya. Akacheka, akaendelea kuchambua kunde zake.

Kesho yake nilichimba kwa sepetu, shibiri moja kutoka kwenye ule ufa. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu, ukigongwa unalia kama kigae. Nikasogea hadi kwenye ufa wenyewe, nikashuka karibu sentimita 40, na huko ndiko nilikoyakuta maji yangu: tope laini, mahali ambapo mzizi wa mbiringanya mchanga haujawahi kufika. Mche na maji vilikuwa jirani, lakini kila kimoja na njia yake.

Mwongozo huu unahusu njia hizo. Nitaeleza kwanza kinachotokea chini, kisha nitakupitisha hatua kwa hatua: kutambua udongo wako, kuyahesabu matundu, kuyapima, kuyaona kwa rangi, halafu kupanga maji, mbolea na usalama wa kisima. Hatua ya rangi ndiyo ninayoipenda, na ukiwa na siku moja tu ya kujaribu, anza na hiyo.

Kwanza, mambo yanavyokwenda chini

Udongo mzuri wa shamba karibu nusu yake ni nafasi tupu, iliyojaa hewa au maji. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Hivyo huvuta na kushika maji kama utambi wa koroboi unavyoshika mafuta, na hayo ndiyo maji ambayo mmea hunywa kati ya mvua moja na nyingine. Asilimia chache tu ya udongo ni matundu makubwa: njia za mizizi iliyooza, mashimo ya nyungunyungu, njia za mchwa, nyufa za kiangazi, na nafasi baina ya donge na donge. Wataalamu wana mipaka tofauti ya kuamua tundu gani ni kubwa. Kwa kazi ya shambani kipimo changu ni chepesi: tundu ambalo kichwa cha pini kinaingia, hilo ni kubwa.

Uchache wao usikudanganye. Maji yanapopita kwenye tundu la mviringo lililojaa, wingi wake hukua kwa upana uliozidishwa mara nne kwa nafsi yake. Tundu likiwa na upana maradufu ya jingine, linapitisha maji mara 16. Tundu moja la milimita 1 linapitisha sawa na matundu 10,000 ya sehemu ya kumi ya milimita. Ndiyo maana mashimo mawili matatu ya nyungunyungu yanaweza kuondoka na mvua ambayo udongo mzima uliobaki ungechukua saa nyingi kuimeza.

Upande wa pili wa hesabu ni nguvu ya kushika. Tundu la milimita 1 linaweza kuvuta maji juu sentimita 3 tu, lakini la sehemu ya kumi ya milimita linavuta sentimita 30. Kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo linavyong'ang'ania maji. Pana huyapitisha haraka na halibaki na kitu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea. Tukiona tundu wazi tunadhani mvua yoyote itamiminika humo. Siyo. Udongo mkavu unayavuta maji kwa vitundu vyake vidogo, na maji yaliyovutwa namna hiyo hayawezi kuachia yakaruka kwenye uwazi mpana. Tundu kubwa halinywi mpaka udongo unaolizunguka umeshiba, au mpaka juu pametuama maji yakaanza kutiririka kutafuta pa kuingilia. Manyunyu ya usiku kucha yanaweza kulowesha shamba zima na shimo la nyungunyungu likabaki kavu ndani. Mvua ya radi ya robo saa, au ndoo iliyomwagwa kwa haraka, inalijaza shimo hilo hilo huku udongo wa pembeni haujajua kama kumenyesha.

Basi hesabu yote ya mwongozo huu ni mbio baina ya vitu viwili: kasi ya maji yanavyofika juu, na kasi ya udongo wa kawaida kuyameza. Yanayozidi ndiyo yanayoshuka kwa njia kubwa.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1856 Mfaransa Henry Darcy alipima maji yanavyopenya kwenye mchanga huko Dijon, na kanuni yake bado inatumika kwa udongo uliolingana. Lakini udongo wa shamba haulingani. Mwaka 1882 Lawes, Gilbert na Warington, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, walieleza kwamba sehemu ya maji ya mvua hushuka moja kwa moja kwa njia zilizo wazi, bila kuchanganyika na maji yaliyokwisha kushikwa na udongo. Miaka 100 baadaye, 1982, Keith Beven na Peter Germann waliirudisha hoja hiyo mezani, na tangu hapo hakuna anayepima maji ya udongo kwa makini akaipuuza.

Vya kuandaa

Sepetu, panga, rula au futi ya fundi. Spoki moja ya baiskeli, ile ndefu, inayokaribia sentimita 30. Mkebe wa gorogoro uliokatwa kitako ili uwe wazi pande zote mbili. Chupa au jagi lenye alama za mililita. Saa ya simu. Fremu ya vijiti vinne, kila kimoja sentimita 50. Na rangi ya chakula ya bluu. Ile ya machungwa ya kutilia biriani usihangaike nayo, kwenye udongo mwekundu hutaiona.

Hatua ya 1: Jua umesimama juu ya nini

Mombasa ni ndogo lakini udongo wake ni wa kabila tatu, na kila moja lina matundu yake.

Bara ya magharibi, yaani Changamwe, Mikindani, Miritini kuelekea Jomvu, chini kuna miamba laini ya tope la kale iliyogandamana, ambayo wanajiolojia waliipa jina la Changamwe yenyewe. Ikichakaa inatoa mfinyanzi mzito. Wakati wa mvua ya mwaka unanasa viatu, wakati wa kaskazi unapasuka. Hapa tatizo lako ni nyufa.

Likoni, Mtongwe na sehemu za ndani za Kisauni kuna michanga mingi. Mchanga haupasuki, lakini una hila yake. Chini ya mivinje, mikorosho na miti mingine yenye majani ya nta, mchanga ukikauka sana unaweza kuyakataa maji. Yanasimama juu kama matone kwenye jani la yugwa, kisha yanapata upenyo mmoja na kushuka kama kidole, kulia na kushoto pamebaki pakavu. Kwa jicho la mkulima matokeo ni yale yale ya ufa. Jaribu kwa tone: liweke juu ya mchanga mkavu. Likikaa zaidi ya sekunde 5 kabla ya kuzama, mchanga wako umeanza kukataa.

Kisiwani na ukanda wa pwani, Nyali, Bamburi hadi Shanzu, ni matumbawe ya kale. Juu kuna udongo wa kina kifupi, pengine sepetu moja tu kabla mtaimbo haujagonga jiwe. Na jiwe hilo limetobolewatobolewa. Maji yakishapita udongo wa juu hayana tena kinachoyachuja. Hili nitalirudia kwenye kisima.

Kutofautisha ni rahisi: loweka kiganja cha udongo, uufinyange. Ukitoa kamba nyembamba inayopinda bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukikataa hata kushikana tonge, ni mchanga. Wa katikati ni bahati yako.

Hatua ya 2: Hesabu matundu

Chagua sehemu tatu: iliyo nzuri, iliyo mbaya, na njia mnayopita kila siku. Ondoa majani kwa mkono, laza fremu, kisha kwanguza sentimita 2 za juu kwa panga bila kupaka. Kupaka ndilo kosa la kwanza: panga likisugua mfinyanzi wenye unyevu linaziba matundu yote na utaona sakafu. Vunja kidogo kidogo kwa ncha, upulize vumbi.

Hesabu unayoyaona ndani ya fremu, kisha zidisha kwa 4 upate idadi ya mita moja ya mraba. Lakini idadi peke yake haitoshi. Chukua spoki, ingiza polepole kwenye kila tundu au ufa bila kulazimisha, upime ilikofika. Tundu linaloishia sentimita 4 ni mapambo. Lile linalomeza spoki mpaka kwenye kichwa ndilo lenye kazi.

Andika chini. Mimi naandika hivi: "Kona ya mwembe, Februari, matundu 22, marefu 5, ufa mmoja spoki nzima."

Hatua ya 3: Pima kasi ya kumeza

Shindilia mkebe uliokatwa ndani ya udongo kiasi cha sentimita 7. Tumia ubao juu yake na ugonge kwa nyundo taratibu, ukicheza nao utafungua njia pembeni na kipimo kitakudanganya. Sawazisha udongo wa ndani ya ukingo kwa kidole. Tandika kipande cha plastiki ndani, mimina maji, halafu vuta plastiki pole ili maji yasichimbe.

Kiasi cha maji kinategemea upana wa mkebe wako. Kwa mkebe wa kipenyo cha sentimita 15, mililita 442 ni sawa na mvua ya milimita 25. Kwa mwingine, piga hesabu: nusu ya upana mara yenyewe, mara 3.14, upate sentimita za mraba, kisha zidisha kwa 2.5. Anza saa. Simamisha maji yakishaisha na uso unabaki unang'aa tu. Rudia hapo hapo mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo ya kuamini, kwa sababu ya kwanza ilikuwa kiu.

Udongo ukishashiba, mfinyanzi humeza kama milimita 1 hadi 5 kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, mchanga zaidi ya 30. Sasa linganisha. Kama mfinyanzi wako wa Mikindani umemeza milimita 25 kwa dakika sita, usifurahi. Mfinyanzi hauna uwezo huo. Umekaa juu ya tundu.

Weka mkebe mmoja katikati ya donge lisilo na ufa na mwingine juu ya ufa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ukubwa wa tatizo lako. Kwangu, mwaka ule, mkebe wa katikati ya donge ulikaa na maji mpaka nikaenda kuswali adhuhuri na kurudi. Wa kwenye ufa sikuwahi kuujaza.

Hatua ya 4: Piga rangi, kisha chimba

Hii ndiyo yenyewe. Watafiti duniani kote hutumia rangi ya bluu ya chakula ile ile, kwa sababu inatembea na maji na inaonekana dhidi ya udongo.

Pima eneo la mita moja kwa mita moja, mbali na kisima na mbali na mboga utakazovuna wiki hiyo. Koroga rangi ya unga, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, katika lita 20 hadi 25. Umwagaji ni muhimu kama rangi. Ukitaka kujua mvua kubwa inafanyaje, mwaga kwa keni yenye kichwa cha matundu madogo ndani ya dakika 20 hivi. Ukitaka kujua umwagiliaji wako unafanyaje, mwaga kama unavyomwagilia siku zote. Usijipendelee.

Funika kwa nailoni usiku kucha. Asubuhi, chimba mtaro pembeni ya eneo, kina cha sentimita 60, usizidi, mfereji mwembamba wa kina kirefu huporomoka. Halafu kata ukuta wa mtaro ukielekea ndani ya rangi, kipande cha sentimita 10 kila mara, ukisafisha kwa ncha ya panga. Piga picha kila ukuta, rula ikiwa ndani ya picha.

Utaona moja ya sura tatu.

Bluu iliyotandazwa sawasawa, sentimita kadhaa kutoka juu, na ukingo wake wa chini umenyooka. Maji yamepita kwenye udongo wote. Hongera.

Juu bluu nyembamba, kisha mistari michache inashuka peke yake, kila mmoja umefuata mzizi au shimo. Ukichungulia karibu utaona ukuta wa shimo umepakwa bluu iliyokoza, na milimita chache pembeni udongo una rangi yake ya siku zote. Hapo maji yalipita mbio bila kusalimia mtu.

Au bluu inashuka mpaka kina cha jembe, sentimita 15 au 20, kisha inageuka na kutambaa kulala. Hapo una sakafu: tabaka lililoshindiliwa na jembe lile lile kupiga kina kile kile miaka yote. Juu ya sakafu maji yanatuama, mizizi inaoza, na tundu moja linalopenya sakafu hiyo linabeba maji ya eneo lote. Katika shamba letu nililiona moja, njia ya mzizi wa zamani unene wa penseli, bluu mpaka chini ya mtaro, na ndani yake mizizi hai miwili ya mbiringanya ilikuwa imeshuka kwa kupitia humo. Kumbe mizizi ilijua.

Picha hiyo ilinibadilisha mawazo. Mpaka siku ile nilikuwa nimepanga kuziba kila kitu.

Hatua ya 5: Panga maji upya

Kumbuka kipimo kimoja: lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni milimita 1 ya mvua. Kwa hiyo ukimwaga mtungi wa lita 20 juu ya mita moja kwa mkupuo, umenyesha milimita 20 kwa dakika moja, juu ya mfinyanzi unaomeza 5 kwa saa. Hakuna mbingu ya Mombasa inayofanya hivyo. Wewe ndiye unayeyasukumia maji kwenye ufa.

Gawanya. Kwenye mfinyanzi naanza na lita 2 kwa kila mita ya mraba, kwa keni yenye kichwa cha matundu, naenda mstari mzima, nikifika mwisho narudi mwanzo na lita 2 nyingine. Udongo wa juu ukishalainika unakubali zaidi, na midomo ya nyufa inaanza kufunga. Mwenye mpira wa matone ameshatatua nusu ya tatizo. Asiye nao, chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa pini na kuchomekwa kichwa chini karibu na shina inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya takataka.

Kabla ya kumwagilia udongo uliopasuka, palilia juu juu, sentimita 5 tu. Huko ni kukata mdomo wa njia: vumbi na vidonge vinaingia kwenye ufa, na maji yanalazimika kukaa juu muda kidogo. Usichimbe zaidi, kwa sababu chini ya hapo njia hizo utazihitaji Mei, mwezi wetu wenye mvua nyingi kuliko yote, shamba litakapokuwa linatafuta pa kupumulia. Kiangazi unataka midomo ifungwe, masika unataka iwe wazi. Nyufa haziendi kokote, udongo ukikauka tena zinajirudia.

Kwenye mchanga unaokataa maji, kupalilia hakusaidii. Lowesha kidogo jioni, subiri, mwagilia asubuhi, na changanya samadi iliyooza. Usiuache ukauke kabisa, ukikauka unarudia tabia.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyo nayo, yana balaa la ziada kwenye mfinyanzi. Sodiamu inazifanya chembe zake ziachane, zielee, na zikatulia zinazibana nafasi zote, juu kunabaki ukoko kama wa sufuria ya wali. Ukiona ukoko mweupe na maji yanatuama mahali palipokuwa pananywa, sababu yake mara nyingi ni chumvi. Jasi husaidia, na maji ya mvua uliyovuna husaidia zaidi.

Hatua ya 6: Mbolea na dawa, saa ndiyo kila kitu

Msimu mmoja nilitia mbolea ya CAN jioni, wingu likiwa limeshafunga kuelekea baharini. Nilijiona mjanja, mvua itanimwagilia bure. Usiku ikapiga ile ya kuamsha watoto. Wiki mbili baadaye sukuma wiki ilikuwa ya manjano kama sijaweka kitu, na duka halirudishi pesa.

Kilichotokea ni hiki. Chembe za mbolea zilikuwa bado juu. Mvua ikaja kwa kasi, maji yakatuama, yakaziyeyusha na kushuka nazo kwenye matundu makubwa mpaka chini ya mizizi. Kama ningezitia asubuhi na kuzinyunyizia lita 3 hadi 5 kwa mita ya mraba polepole, zingeyeyuka na kuvutwa ndani ya vitundu vidogo vya udongo wenyewe. Baada ya hapo mvua kubwa ikija, maji yake mengi yanapita kwenye njia kubwa pembeni ya mbolea bila kuigusa. Tundu lile lile linaloiba mbolea iliyo juu linailinda mbolea iliyokwisha kuingia ndani. Nilipolielewa hili niliacha kuyachukia matundu.

Hivyo: tia mbolea siku moja au mbili kabla ya mvua kubwa inayotarajiwa, inyunyizie maji machache, igawe mara mbili tatu badala ya kuitia yote pamoja, na usiiweke kwenye mdomo wa ufa. Fukia. Dawa za wadudu na za magugu ni vivyo hivyo, na kwa dawa hasara si ya pesa peke yake.

Hatua ya 7: Kisima

Juu ya mfinyanzi mzito, vijidudu vikipita polepole kwenye vitundu vidogo, vingi hunaswa au kufa njiani. Kwenye tundu kubwa au kwenye jiwe la matumbawe hakuna njiani. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada, unataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na papo hapo unaonya kwamba kwenye miamba yenye nyufa na mawe ya chokaa umbali uongezwe. Matumbawe yetu ni mawe ya chokaa. Nenda kapime uani kwako.

Kujua kama kisima kina njia ya moja kwa moja, teka gilasi kabla ya mvua, kisha saa 1, saa 3, saa 6 baada ya mvua kubwa, na kesho yake. Zipange kwenye dirisha. Maji yakichafuka ndani ya saa chache, kuna tundu linaloleta maji ya juu bila kuchujwa. Gilasi zikibaki safi usidhani umepona, vijidudu havionekani, ya kunywa chemsha au tia dawa. Lakini gilasi chafu ni jibu tosha: jenga ukingo, mwaga zege kuzunguka, shindilia mfinyanzi nyuma ya ukuta wa kisima, na usirundike samadi upande wa juu yake, hasa mwezi wa nne na wa tano.

Hatua ya 8: Fuga matundu unayoyataka

Nyufa ni matundu ya bahati mbaya. Ya mizizi na wadudu ni ya kudumu, yana kuta imara, na unaweza kuyapanda.

Matandazo kwanza. Majani, makuti yaliyokatwakatwa, maganda ya kunde. Yanavunja kasi ya matone ili yasipige ukoko, na yanawaita mchwa na nyungunyungu. Wakulima wa Burkina Faso wanajua hili vizuri: katika mashimo yao ya zai wanatia samadi, samadi inaleta mchwa, mchwa wanatoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama barabara. Mchwa kwenye nguzo ya nyumba ni adui, kwenye matandazo mbali na nyumba ni kibarua asiyedai mshahara.

Na sisi tuna mfano wetu. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jangwa jeupe. Miti ikaota, lakini majani yake yakarundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wale wekundu wa miguu tunaowaona mvua zikianza, wakayala na kuyageuza mboji, na udongo ukaanza kujengeka hatua kwa hatua. Leo ni msitu. Kwa hiyo jongoo akipita shambani, mwache na safari yake.

Pili, acha kukanyaga. Weka matuta ya upana wa mita moja, njia za kudumu katikati, na mguu usiingie tutani udongo ukiwa umelowa. Rudi kwenye daftari lako la hatua ya 2 uone njia mliyokuwa mnapita ilikuwa na matundu mangapi.

Tatu, na hii naiweka juu ya zote: panda mbaazi. Kila mtu hapa anaijua kwenye sahani ya asubuhi pamoja na mahamri, lakini mzizi wake ndio mtaimbo wa maskini. Unashuka wima, unapenya sakafu ya jembe ambayo sepetu yako ilirudi nyuma, na ukioza unaacha bomba. Panda mwanzo wa mvua ya mwaka, mstari mmoja kila mita mbili ukiambatana na mahindi au muhogo. Ukishavuna usiung'oe. Ukiung'oa unavunja bomba na kulijaza udongo. Kata shina usawa wa ardhi kwa panga, majani yake tandaza hapo hapo, na mzizi uuache uoze.

Mchezo huo unataka uvumilivu wa mwaka na ushei. Mistari yangu ya kwanza niliikata, nikaisahau. Kaskazi iliyofuata nilirudi na spoki, nikatafuta alama ya kisiki kimoja chini ya matandazo. Ganda la juu lilikuwa limebaki kama kikombe, ndani unga wa mbao uliooza. Nikaupuliza, nikaingiza spoki kwa vidole viwili. Ilizama yote mpaka kwenye kichwa, ikapita sakafu bila hata kukwaruza, na nikalazimika kuishika haraka isije ikanipotea.